Mafuta ya Nazi kwenye Mashine ya Kidawa

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia "tak" moja chumbani kwa mjukuu wangu Kidawa, kisha kimya. Nikakaa kitandani kungoja ya pili. Siku zote mashine yake husema tak-tak-tak mpaka mwisho wa mstari, kengele ndogo ikalia, naye akaanza mstari mwingine.

"Bibi," akaita, "umeigusa mashine?"

Kidawa haoni tangu azaliwe. Mashine ile ya nukta nundu ni ya shule. Ukibonyeza vitufe vyake, nukta huinuka kwenye karatasi ngumu, naye huzisoma kwa vidole. Mwalimu Clotilda alimruhusu aje nayo nyumbani ajizoeze, maana asubuhi hiyo, saa mbili, kulikuwa na mtihani. Mwaka jana Kidawa alitaja majibu, mwalimu akamwandikia. Akapata alama nzuri, wenzake wakasema si zake. Safari hii alitaka kuandika mwenyewe.

"Niliipaka mafuta kidogo jana mchana," nikasema. "Niliisikia inakwaruza."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

Akainama akainusa. Mafuta hayo nimeyatumia maisha yangu yote, kwenye nywele, kwenye bawaba za mlango, kwenye kisu cha samaki. Lakini ilikuwa kipupwe, na chupa yangu pale dirishani ilikuwa imeganda, nyeupe pepepe. Kumbe ndani ya mashine nako yameganda vilevile.

Angeweza kunigombeza. Akasema, "Usilie, Bibi. Twende kwa Mudrik."

Mudrik ni fundi cherehani wa mtaa wetu, na hufungua mapema. Niliibeba mashine ndani ya kanga, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu."

Akaifungua, akanusa, akacheka. "Bi Mwanamkuu, ulitaka iandike au ipike wali?"

"Wali bado," Kidawa akamjibu. "Bibi hajatia chumvi."

Nikacheka na machozi yangu.

Mudrik alikiri kwamba hajapata kuona mashine ya namna ile. Ila pasi yake ya mkaa ilikuwa tayari ina moto. Akaisogeza kando ya mashine, si karibu sana, akawa anaigeuza mashine taratibu mpaka mafuta yakayeyuka. Akayafuta kwa vipande vya kitambaa, akatia mafuta ya cherehani, tone moja moja.

"Imepona," akasema.

Kidawa akabonyeza, akatega sikio. "Bado. Cha pili kutoka kushoto kinarudi kivivu."

"Mbona mimi sioni tofauti?"

"Mimi nasikia."

Mudrik akachungulia tena, akatoa kifundo cha nyuzi na mafuta kilichonasa chini ya kitufe kile. Tak-tak-tak, kengele ikalia. Kidawa akapiga makofi.

Mudrik akaacha suruali ya mtu mezani, akaifunga mashine kwenye baiskeli yake. Hakuipanda. Aliisukuma kwa mwendo wangu mimi mzee hadi shuleni, wala hakusema kwamba tunachelewa.

Nikamweleza Mwalimu Clotilda kila kitu. Akanishika mkono. "Kosa langu, Bibi. Nilimfundisha Kidawa mashine, nikasahau kumfundisha bibi yake."

Nikakaa nje, chini ya dirisha, nikihesabu kengele. Zilipofika arobaini nikapoteza hesabu. Wenzake walitoka, yeye akaongezewa muda kama utaratibu ulivyo. Alipotoka alikuwa na karatasi nne za kumpelekea Mwalimu Clotilda, na vidole vimekuwa vyekundu.

Furaha, mmoja wa wale waliosema alama si zake, alikuwa akimngoja mlangoni. Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Zote umeandika wewe?"

"Kila nukta."

"Haya. Mwaka huu sina la kusema."

Tukaichukua mashine, tukarudi kwa Mudrik kumwambia. Kidawa akaomba kipande cha karatasi ngumu, akaandika, akampa. Mudrik akafumba macho, akapapasa polepole.

"Umeandika nini?"

"Jina lako."

"Mimi ndiye huyu?" Akarudia kupapasa, akacheka peke yake, akaibana karatasi ukutani kwa pini, juu ya cherehani. Tulipokuwa tunaondoka akatoka nje, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Kidawa! Njoo tena kesho. Hata mashine ikiwa nzima, njoo."