Mama Mkwe Kwenye Mstari wa Kulia

Kitheka wa Kyuso alikuwa na kipaji kimoja tu, lakini kingewatosha watu wanne: kukimbia na mpira wa magongo kandokando ya mstari wa kulia. Sisemi katikati. Katikati alikuwa kama mgeni aliyeingia matangani bila kujua nani amefariki. Na kushoto ndiyo usiseme kabisa. Lakini kulia, mpira ukiwa umegandamana na gongo lake na chokaa ya mstari ikimpaka viatu, mabeki walibaki wakiulizana amepita saa ngapi. Timu ya Kitui ilijua hivyo. Wapinzani walijua hivyo. Hata wauza maji walijua, ndiyo maana ndoo zao walizipanga upande huo.

Basi ilikuwaje Jumamosi ile, fainali dhidi ya Makueni, fainali ambayo mshindi wake angeingia ligi ya taifa, kijana huyohuyo akaonekana akiukimbia mstari wa kulia kana kwamba unawaka moto?

Sababu ilikuwa imekaa kwenye kigoda, chini ya mwavuli wa manjano, ikila mahindi ya kuchoma.

Iliitwa Syokau. Aliuza nyanya na vitunguu pale sokoni Mukuyuni, huko huko Makueni ilikochezwa fainali, na alikuwa mama mzazi wa Ndinda. Na Ndinda, kwa furaha ya Kitheka isiyo na breki, alikuwa mchumba wake. Wiki iliyotangulia wazee wa kina Kitheka walifika Mukuyuni na mbuzi wa ntheo, wale ambao Mkamba akishawapeleka, binti ni mkewe na hakuna wa kubisha. Mbuzi walipokelewa, mmoja akaliwa, watu wakacheka mpaka jua likachwa. Tangu siku hiyo Kitheka akawa mkwe, na mkwe wa Kikamba ana nthoni, ile haya ya heshima baina ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamtazami usoni. Hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka vichakani. Siku hizi wengi wameiacha, lakini Kitheka alilelewa na babu yake, Mzee Mulwa, na Mzee Mulwa hajawahi kuacha kitu chochote tangu azaliwe.

Asubuhi ya mechi mzee alipiga simu.

"Naskia munacheza Mukuyuni."

"Ndiyo, babu."

"Kwa athoni wako, kwa wakwe."

"Ndiyo."

"Na zile nguo za kuonyesha watu mapaja?"

Kitheka alitazama kaptura yake. Ilikuwa fupi kuliko alivyoikumbuka.

"Basi omba huyo mama akue shambani," mzee akasema, akakata simu.

Mama hakuwa shambani. Syokau alikuwa winga enzi zake za shule, na hakuna mechi ya magongo iliyochezwa karibu naye akaikosa, isipokuwa moja, na siku hiyo alikuwa akimzaa Ndinda. Alifika uwanjani mapema na wenzake wa sokoni, akachagua upande wa ua wa michongoma kwa sababu ulikuwa na kivuli. Kumbe kwa Kitui, kipindi cha kwanza, ndiko kulikokuwa kulia.

Filimbi ikalia. Kitheka akapata mpira, akamwacha beki wa kwanza, akamwacha wa pili, akainua kichwa aangalie mbele, na mbele kulikuwa na mwavuli wa manjano. Chini ya mwavuli kulikuwa na uso ambao aliujua kutoka simu ya Ndinda. Ulikuwa unamtazama, mdomo wazi, hindi likiwa limesimama hewani.

Kitheka aliacha mpira. Aliuacha pale pale, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, akageuka na kukimbia kuelekea upande mwingine akiivuta kaptura chini kwa mikono yote miwili. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini winga hana ruhusa ya kuchutama. Beki wa Makueni aliutazama ule mpira uliotelekezwa, akashuku mtego, kisha akauchukua. Sekunde chache baadaye kipa wa Kitui alikuwa akiuokota wavuni.

"Kitheka!" Kocha Abdulkadir alipasua koo. "Kulia! Kulia kwako ni wapi leo?"

Kocha Abdulkadir alizaliwa Kitui mjini, Kikamba alikiongea kuliko baadhi ya Wakamba, lakini watu wake walitoka pwani. Mama mkwe wake mwenyewe alimpakulia pilau kila Ijumaa na kumgombeza asipomaliza. Kwamba mtu anaweza kutoroka uwanja kwa sababu ya mama mkwe, wazo hilo lingechukua mwaka kumfikia.

Kitheka akahamia kushoto, upande wa madarasa, akajibanza karibu na Mutie, winga wa huko, ambaye alimtazama kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake. Hapo angalau angepumua. Akapumua mara moja. Ya pili ikamkwama, kwa maana kule nyuma ya goli aliuona mwavuli wa manjano ukitembea. Ulizunguka kibendera cha kona, ukapita wauza maji, ukaja taratibu mpaka upande wa madarasa, ukatulia.

Kitheka akajiuliza. Huyu mama anataka nini? Amekuja kumkagua mkwe kama anavyokagua nyanya?

Ukweli ulikuwa mwingine, nao Ndinda alikuja kuueleza baadaye huku akijifuta machozi ya kicheko. Mchungaji wa Syokau alikuwa amehubiri kwamba mambo ya nthoni ni ya zamani. Syokau aliitikia amina, kisha akaendelea na nthoni yake kimyakimya. Alipomwona Kitheka akija mbio upande wake, alishtuka. "Woi! Nimekalia mkwe njia!" akamwambia rafiki yake Kalekye. Akabeba kigoda, akahama kwa heshima, aende mbali na alipo kijana. Alikuwa ameinamisha macho, kama inavyopasa. Hivyo hakuona kijana ameelekea wapi.

Kitheka akakimbilia katikati. Katikati kulikuwa na Fahim, mfungaji wao, kijana wa Mwingi mwenye mdomo mrefu kuliko gongo lake.

"Buda, hapa ni kwangu! Unanikanyaga!"

"Nisaidie tu kidogo."

"Nikusaidie na nini, na mpira iko kule?"

Waligongana mara mbili. Mara ya tatu waligongana na refa. Wenyeji walicheka, Kocha Abdulkadir alivua kofia na kuiuma, na mapumziko yakafika Kitui wakiwa nyuma kwa bao moja.

"Sikiliza, mwanangu," kocha alisema, na sauti yake ya upole ilitisha kuliko kelele. "Mimi nina winga mmoja nchini anayeweza kutuokoa, na ni wewe. Ukitoka kulia tena, unakaa benchi na ligi ya taifa tutaisikia kwenye redio. Umenielewa?"

Kitheka alielewa. Alielewa pia kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli, kwa hiyo kulia kwake sasa kungekuwa upande wa madarasa, na upande wa madarasa ndiko kulikokuwa na mwavuli. Akamvuta Mutie kando. "Nakuomba kama ndugu. Wewe enda kulia, mimi niende kushoto. Dakika chache tu." Mutie, mtu asiye na makuu, akakubali.

Lakini winga mzee haachi kuwa winga. Syokau naye alijua magoli yanabadilishwa. Alikaa kwenye kigoda chake akapiga hesabu: kijana ni wa kulia, kulia sasa kunakuja kwangu, basi niondoke haraka kabla hajafika. Akabeba kigoda. Filimbi ya kuanza ilipolia, Kitheka alikuwa amesimama kushoto, upande wa michongoma, na mbele yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mahindi, mama mkwe wake alikuwa ndiyo kwanza anafungua mwavuli.

Walitazamana. Hilo halikupaswa kutokea maishani, na lilitokea mbele ya soko zima la Mukuyuni.

Syokau alijifunika leso usoni. Kitheka alijifunika gongo, ambalo halifuniki kitu. Kalekye alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo aliyokalia, na kicheko kikaenda kutoka mtu hadi mtu, kwa sababu sasa kila mwanamke pale alikuwa ameelewa. "Ni mkwe! Ni mkwe anakimbia mwaitu, mama mkwe wake!" Robo nzima ya tatu, kati ya nne za mchezo wa magongo, ilichezwa hivyo, watu wakicheka, mwavuli ukizunguka uwanja huku, Kitheka akizunguka kule, na kila mmoja akiamini anampisha mwenzake.

Robo ilipoisha, Kocha Abdulkadir alimshika Kitheka bega. Hakufoka tena. "Niambie. Unaumwa?"

Kitheka akamwambia. Alisema yote akitazama chini, ntheo, babu, kaptura, mwavuli. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, maana alijua wenzake wamefanya mazoezi kwenye vumbi mwaka mzima, na yeye anawapotezea kwa sababu hawezi kupita mbele ya mama mmoja mwuza nyanya. Lakini kumvunjia yule mama heshima mbele ya kijiji chake, hilo nalo hakuliweza. Angemwoaje binti wa mtu aliyemfedhehesha?

Kocha aliivua kofia tena. "Mimi wangu ananipakulia pilau," alisema, kwa mshangao mtupu. Kisha akamwita Ndinda, aliyekuwa amejificha nyuma ya kundi la wachezaji wa akiba akitamani ardhi impokee. "Binti, mwendee mama. Mwambie tunamheshimu. Mwambie hatumfukuzi. Lakini kijana wetu anazama."

Ndinda alikimbia. Waliona akiinama sikioni mwa mama yake, waliona mwavuli ukifungwa. Kitheka aliwaza: amekasirika, anaenda nyumbani, mbuzi watarudishwa. Ndinda akarudi akihema.

"Amesema haendi mahali," alisema. "Amesema hii ni fainali. Amesema wewe uende kulia kwako, kando ya mstari, usikate ndani mapema vile unapenda kufanya ukiogopa. Yeye hatakuona na wewe hutamuona."

"Sasa itakuwa aje?"

"Angalia."

Upande wa madarasa, karibu kabisa na mstari, Syokau alikuwa ameweka kigoda chake, akakigeuza, akakaa akiupa uwanja mgongo. Leso ilimfunika kichwa mpaka mabegani. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa darasa la nne na kitu kingine hapana. Yule mwanamke ambaye hakukosa mechi alikuwa ameikosa fainali kwa hiari yake, ili mkwe apite.

Kitheka aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumpa zawadi kubwa kama ule mgongo.

Akaenda kulia. Kwanza alikimbia kwa woga, macho kwenye nyasi. Halafu chokaa ikaanza kumpaka viatu, na miguu ikakumbuka kazi yake. Alipita karibu na ile leso mara ya kwanza na leso haikutikisika. Mama alikuwa ameshika simu mbele ya uso wake, labda anasoma ujumbe wa kikundi cha kanisa. Mara ya pili alipita akiwa na mpira. Beki mmoja akabaki amekaa chini. Kitheka alikwenda na mstari mpaka mwisho kabisa, hakukata ndani mapema, akaurudisha mpira kwa Fahim, na Fahim asingekosa hata angefumba macho. Sare, moja kwa moja!

Sasa uwanja ulipagawa. Wenyeji walisahau wao ni wa timu gani, wakawa wanashangilia mkwe. Zikiwa zimebaki dakika chache, Mutie akaurusha mpira mrefu kutoka upande wa pili, na Kitheka akaudaka kwa gongo mbele ya kigoda kile kile. Alicheka. Alikuwa anakimbia na huku anacheka kwa sauti, kama mtoto anayefukuzana na mbuzi jioni, akampita beki, akampita beki tena kwa sababu beki alirudi, akaingia ndani ya duara la kufungia na kuupiga mpira chini ya mkono wa kipa. Fahim alimrukia, Mutie akamrukia Fahim, Kocha Abdulkadir akawarukia wote na kofia yake ikapotea moja kwa moja. Kitui mbili, Makueni moja. Ligi ya taifa.

Kitheka aligeuka kutafuta kigoda. Leso ilikuwa bado imegeukia ukuta. Furaha yake ikapungua kidogo. Hakuliona, aliwaza. Bao langu bora maishani, na mtu ambaye nilimfungia hakuliona.

Ndinda alimkuta kwenye darasa walimobadilishia nguo, amekaa juu ya dawati dogo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anacheka hata kabla hajafika mlangoni.

"Mama amekutumia kitu," alisema, akampa simu.

Ilikuwa video. Uwanja ulionekana wote, kule nyuma, na kijana mdogo mwenye gongo akija mbio na mstari. Ilimchukua Kitheka muda kuelewa imepigwaje. Mama alikuwa amegeuza kamera ya mbele, ile ambayo watu hujipigia picha wenyewe, akaishika mbele ya uso wake kama kioo, na fainali yote iliyokuwa mgongoni mwake akaitazama mkononi. Alikuwa ameona kila kitu. Na kwa kuwa kamera ya namna hiyo haina adabu, pembeni ya picha alikuwemo yeye mwenyewe, mzima mzima, leso na uso.

Kitheka alipiga kelele na kuibandika simu kwenye paja.

"Ni simu tu!" Ndinda alisema akishika mbavu. "Si yeye!"

Kitheka alisita. Kisha akaigeuza simu polepole, akaweka kidole gumba juu ya ile pembe alipokuwa mama mkwe, akabonyeza ianze upya. Kijana akaja mbio. Na chini ya kidole, sauti ya mwanamke ikapanda, ya mtu wa Makueni anayeshangilia Kitui bila haya hata kidogo: "Enda! Enda na mstari, mwana wakwa! Usiogope! Enda!" Kalekye alisikika akiuliza, "Na wewe Syokau uko timu gani?" na sauti ikamjibu, "Nyamaza, huyo ni wangu!"

Kidole Kitheka hakukiondoa. Lakini sauti aliiongeza mpaka mwisho.