Kinyaa cha Wauza Nyama

Bi Makali alikuwa haoni kinyaa, na buchani hapakuwa na asiyelijua hilo. Kichwa cha ng'ombe alikichuna huku akisimulia harusi ya jirani, utumbo aliugeuza kama mtu anayegeuza soksi, na jina lenyewe alilipata kwa visu vyake, ambavyo alivinoa mwenyewe wala hakumwazima mtu. Ndiyo maana alishangaa, mwaka aliotimiza arobaini na saba, kinyaa kilipomwingia na kukataa kutoka. Tena si nyama iliyomkirihi. Ulikuwa mwili wake mwenyewe.

Mwili ulikosa adabu. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini bila kupiga hodi, jasho likamchuruzika mgongoni na kujikusanya kiunoni, akanuka kama nguo iliyoanikwa mvua ikinyesha. Siku zake, ambazo tangu usichana hazikuwahi kukosea mwezi, sasa zilipotea hata akashukuru, kisha zikarudi kwa fujo, na mabonge ya damu juu yake. Usiku alilowesha shuka mpaka mumewe, fundi rangi, mtu mpole, akahamia kwenye kochi la sebuleni kwa madai kwamba mgongo unamuuma. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Alikimbia unyevu, na Bi Makali alimchukia zaidi kwa uongo ule kuliko ambavyo angemchukia kwa ukweli.

Alimwendea dada yake mkubwa. Dada alishusha sauti, ingawa chumbani walikuwa wawili tu.

"Ni utu uzima huo. Kaa kimya, vumilia, utapita."

"Kwani wewe uliupitaje?"

"Nilikaa kimya. Mambo hayo hayasemwi, mdogo wangu."

Hilo nalo lilimtia kinyaa. Dada wa tumbo moja amepita njia hiyohiyo, kayaona mashimo yote, asimwonyeshe mdogo wake hata moja!

Aliyesema ni muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, na alisema kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia bei ya nyanya. Mayai yanaelekea kwisha, alieleza, na homoni zinapanda na kushuka zinavyotaka zenyewe. Hedhi haijakoma, ila iko njiani, na njia hiyo huweza kuchukua miaka. Alimpima damu akaikuta imepungua, akampa vidonge vya madini ya chuma. Akamwandikia pia kipimo cha kizazi kuangalia kama hakuna uvimbe, maana damu nyingi namna ile haiachwi hivihivi kwa kuiita utu uzima. Kahawa apunguze. Alale na nguo nyepesi za pamba. Joto likija, atafute ubaridi, na likimzidi arudi wazungumze habari ya dawa.

"Si ugonjwa," muuguzi alimwambia, "lakini hakuna anayepewa zawadi kwa kuteseka kimya. Mficha uchi hazai, dada."

Bi Makali alicheka njia nzima. Mficha uchi hazai, na kuzaa kwenyewe ndiko kulikokuwa kunafunga duka!

Ubaridi hakuhitaji kuutafuta mbali. Nyuma ya bucha palikuwa na chumba cha baridi chenye mlango mzito wa chuma, na ndani yake mapaja ya ng'ombe yakining'inia kwenye kulabu. Joto lilipompanda aliweka kisu chini, akaingia, akafungua vifungo vya koti lake jeupe na kuegemeza paji la uso kwenye paja lililoganda. Mafuta yale yalinuka, naye siku hizi pua yake ilinasa kila uvundo, lakini alivumilia. Likishapoa alifunga vifungo na kurudi mezani. Hakumweleza mtu. Angemweleza nani? Bucha lilikuwa na wanaume watatu: mpasua mifupa, Mzee Utumbo aliyeosha matumbo, na mwenye bucha, ambaye wote walimwita Tajiri, mtu wa shingo nene aliyefutia mikono kwenye kitambi chake siku nzima.

Siku sarara, ile nyama laini ya mgongo, ilipopotea, foleni ya wateja ilifika mlangoni.

"Nani kachukua sarara yangu?" Tajiri alinguruma. "Ilikuwa hapa asubuhi, nzima!"

Mzee Utumbo alikohoa. Yeye hakuwahi kukohoa bure.

"Mimi sisemi kitu, Tajiri. Ila kuna mtu anaingia chumba cha baridi kila saa. Anaingia na koti limefungwa, anatoka analifungafunga vifungo."

Macho yote yakamgeukia Bi Makali. Aliogopa, kwa sababu wenye mabucha wote walijuana, na mwanamke aliyefukuzwa kwa wizi wa nyama hakuna bucha lingine litakalompa meza. Kazi nyingine hakuijua.

"Sijachukua kitu," alisema.

"Huko ndani unafuata nini?"

"Napunga upepo."

Mpasua mifupa akacheka. Tajiri akazunguka meza taratibu, akimkagua kama anayenunua ndama, na kiunoni akaona kitu kimevimba chini ya koti. Bi Makali alikuwa amejifunga vitambaa, kimoja juu ya kingine, maana tangu alfajiri mafuriko yalikuwa yamerudi. Tajiri akamzunguka hadi nyuma. Akapaza sauti kama mtu aliyeokota mali.

"Haya, njooni mshuhudie! Nyama inavuja damu mpaka kwenye koti! Mwizi wa sarara huyu hapa!"

Bi Makali alipeleka mkono nyuma, akagusa umajimaji wa vuguvugu. Kwa aibu alitamani sakafu ipasuke. Wateja wakanyoosha shingo. Halafu akamwona Tajiri amesimama pale na kidole chake kinene, kucha zimejaa damu iliyokauka ya juzi, akitabasamu, na mori ukampanda.

"Damu ni yangu," alisema.

"Nini?"

"Yangu mwenyewe. Ya hedhi. Nakaribia kukoma, inatoka nyingi. Na joto likinipanda naingia kwenye baridi nisizimie hapa mbele za wateja wako. Unataka kunipekua? Nipekue."

Tajiri aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mpasua mifupa, mwenye damu hadi viwikoni na chembe za uboho kwenye ndevu, akaziba pua. Mzee Utumbo, ambaye asubuhi ile alikamua mavi ya ng'ombe kwa mikono mitupu, akatema mate pembeni na kusema, "Astaghafiru, mbele ya watu!" Nyani haoni kundule.

Simu ya Tajiri ikalia. Ilikuwa hoteli, wanashukuru kwa sarara aliyowauzia mwenyewe mapema asubuhi. Alisahau. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema Tajiri anazeeka, na pole haikutoka.

"Sasa sikiliza," alisema, akiwa amesimama mbali naye. "Wizi ni afadhali, wizi ningejua la kufanya. Lakini nyama za watu haziguswi na mtu mwenye... mwenye hayo. Siku zako utabaki nyumbani, bila malipo."

"Siku zipi? Mimi mwenyewe sizijui. Zinakuja zikitaka."

"Basi utanijulisha! Zikija utanijulisha, na hilo joto lako pia utanijulisha kabla hujafungua mlango ule. Bila hivyo, kazi basi."

Alirudi nyumbani akalia kwa hasira, kisha akamsimulia mumewe yote, mpaka mabonge. Mume alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mgongo wangu hauumi," alisema mwishowe.

"Najua."

Alibeba mto wake akarudi chumbani, akatandika taulo juu ya shuka. Usiku ule Bi Makali alilala usingizi.

Asubuhi bucha lilipofurika, alijifunga vitambaa vipya, akashika kisu, akasubiri. Hakusubiri sana.

"Tajiri!" aliita kutoka meza yake, kwa sauti iliyofika barabarani. "Uliniambia nikujulishe. Joto limepanda! Limeanzia chini ya maziwa, jasho linashuka kwenye mfereji wa mgongo. Naomba ruhusa ya mlango!"

Foleni nzima ikageuka. Tajiri akapunga mkono, nenda, nenda. Bi Makali alikwenda, akarudi, akakata mbavu mbili.

"Tajiri! Nakujulisha, damu nayo ndiyo hiyo! Ya leo ni nzito. Ina mabonge, hili la sasa hivi ni kubwa kama..." Akaangalia alichoshika Tajiri. "Kama hilo ini ulilolishika. Rangi hiyohiyo. Linateleza hivyohivyo."

Tajiri aliangalia ini mkononi. Midomo ikamgeuka kijivu. Ini lilimponyoka likaanguka mezani, naye akakimbilia uani ameshika mdomo, na buchani wote wakasikia anavyotapika kwenye ndoo ya Mzee Utumbo.

Alirudi hadi kizingitini tu, macho yana machozi.

"Mama, nakuomba. Usinijulishe tena."

"Na siku za kubaki nyumbani bila malipo?"

"Hakuna siku. Fanya kazi yako. Ingia huko kwenye baridi utakavyo, lala humo, ila usinijulishe."

Bi Makali alimtazama mate yakining'inia kidevuni, matapishi kwenye kitambi. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akimficha mambo yake! Kinyaa kikamjaa tele, safari hii kikiwa na mwenyewe halali.

Aliosha ini, akaliweka kwenye mizani mbele ya mteja wa kwanza, mwanamke wa rika lake aliyekuwa akijipepea na pochi. Mteja hakulitazama ini. Aliinama juu ya meza.

"Hayo mabonge," alinong'ona, "wamekupa dawa gani?"

"Sema kwa sauti, dada," Bi Makali alimjibu. "Tajiri anasikiliza."

Mwanamke akanyanyuka, akavuta pumzi, akauliza tena kwa sauti ya kujaza bucha. Kule uani, ndoo ikasogezwa.