Kifyekeo cha Twyla

Hobart alisema futi tano. Alisema huku kofia ikiwa bado kichwani, kipande cha mkate wa mahindi mkononi, na jina la Twyla mdomoni kwa mara ya tatu tangu wakae mezani.

"Trekta ya Twyla imeandikwa ishirini na tano ubavuni," alisema. "Kila futi moja ya upana wa kifyekeo inataka nguvu ya farasi watano. Haya, piga hesabu. Futi tano! Hata mtoto wa chekechea anajua."

Lurleen, mkewe, alimwongezea maharagwe.

Alijua kwamba ile ishirini na tano ni nguvu ya injini. Mpaka ifike kwenye shafti ya nyuma, ile inayozungusha visu vya kukatia nyasi, farasi kadhaa wameshakufa njiani, na wanaobaki wanatosha futi nne, basi. Tena kuna uzito. Trekta ndogo kama ile ukiitundikia chuma kizito mgongoni, kisha ukaipandisha kilima, inanyanyua pua kama farasi aliyeona nyoka. Baba yake alimfundisha hayo alipokuwa msichana wa suruali zilizopauka magotini, kwenye vilima hivi hivi vya Kentucky. Hobart alikuwa na habari kwamba mkewe alilelewa juu ya trekta, ila habari hiyo haikuwahi kumfaa kwa lolote.

"Twyla amefurahi kweli," Hobart aliendelea. "Ameniambia, Hobart, bila wewe ningekuwa wapi."

"Amesema hivyo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

Lurleen aliinuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Twyla alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya kijito, mjane tangu majira ya baridi. Denver, mumewe, alianguka akipasua kuni na hakuinuka tena. Denver ndiye aliyekuwa akifyeka kilima cha makaburi kila mwaka kabla ya Siku ya Kupamba, Jumapili ile ya mwezi wa Mei ambapo koo zote hurudi kanisani na maua, vyungu na watoto, wakala pamoja kwenye nyasi karibu na wafu wao. Mwaka huu Denver mwenyewe alikuwa kule juu. Twyla aliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaofyeka nyasi za mumewe. Ni yeye, kwa trekta ya Denver. Lakini kifyekeo cha Denver kilikuwa kimeliwa na kutu, marehemu akakiuza kama chuma chakavu, akafa kabla hajanunua kingine.

Basi Hobart akawa mtu wa kwenda ng'ambo. Leo anapima matairi, kesho anakagua shafti. Alikuwa anaoga kabla ya kwenda. Mtu gani anaoga ili akajipake grisi? Lurleen alijiuliza swali hilo mpaka likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja Twyla mwenyewe alivuka daraja, amevaa koti la Denver lililomfunika mpaka vidoleni. Alikataa chai, akasimama mlangoni.

"Lurleen, dada yangu, wewe ndiye unayejua mashine. Denver alikuwa akisema, katika bonde hili ukitaka kujua trekta muulize binti wa mzee Estill. Hobart amenipatia kifyekeo kilichotumika, cha futi tano. Kizito kweli kweli! Nikichukue, au nitafute cha futi nne?"

Jibu lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lurleen alimtazama mwenzake: macho makubwa, nywele zilizofungwa ovyo zikapendeza hivyo hivyo, na shingo nyembamba ndani ya lile koti. Akaona jinsi mwanamume yeyote angetaka kumbebea ndoo mwanamke huyu. Na juu ya hapo akawaza: Hobart si mjinga. Labda anataka mashine isumbue, ili aitwe, na aitwe tena.

"Muulize Hobart," alisema. "Si ndiye fundi wako?"

Twyla alikunja mikono ya koti iliyomfunika vidole. "Haya," alisema, akarudi zake darajani.

Jioni ile Lurleen alishindwa kujizuia. "Kwani kule kuna asali gani?" alimuuliza mumewe.

Hobart aliweka gazeti chini. "Asali? Mama wee, mwanamke ana msiba!"

"Msiba ndio unakufanya uchane nywele?"

"Twyla huniuliza vitu, Lurleen. Nikimjibu anasikiliza. Wewe kabla sijafungua mdomo umeshajua. Mwanamume naye hutamani kuwa na faida mahali."

Yalimchoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini wivu hausikilizi ukweli. Huchukua lile neno unalolitaka na kuacha mengine mlangoni. Lurleen alichukua "huniuliza", akalala nalo.

Jumamosi kabla ya Siku ya Kupamba wanawake walikuwa makaburini, wakisugua mawe kwa brashi na kupanga maua ya plastiki. Shangazi Icie, mkongwe wa kanisa, alikaa kwenye kiti cha kukunja akitoa amri. Chini ya kilima Hobart alikuwa anamalizia kukaza pini za kifyekeo chekundu kwenye trekta ya Twyla. Kilitokeza upande huu na upande huu kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Hobart leo ana mgongo laini," Shangazi Icie alisema. "Anainama kama kijana. Kwako huwa anainama hivyo, Lurleen?"

"Kwangu huwa anaumwa kiuno, shangazi."

Wanawake wakacheka. Lurleen naye alicheka, huku akisugua jiwe la babu wa watu mpaka jina likakaribia kutoka.

Twyla alipanda, akawasha. Hobart alimpigia makofi. Trekta ilianza kuja, na kwenye mtaro wa mawe chini ya kilima Twyla akainua kifyekeo juu ili visu visigonge. Hapo Lurleen aliona magurudumu ya mbele yakicheza. Yaligusa ardhi, yakaiacha, yakagusa tena. Mbele ya mtaro ulikuwa mwinuko wenyewe, na Twyla alikuwa ameelekeza pua juu moja kwa moja, kule kwenye jiwe jipya la Denver.

Sasa atakwama, ilisema sauti moja ndani ya Lurleen, na Hobart atakimbia kumwokoa, na watu wote wataona. Sauti ya pili haikusema kitu. Ilikuwa ni mwili wake tu, uliokumbuka siku ambayo yeye mwenyewe, msichana juu ya trekta ya baba yake, aliona mbingu mahali palipotakiwa kuwa na barabara.

Magurudumu ya mbele yakapaa.

Lurleen alitupa brashi akateremka mbio. "Shusha!" alipiga kelele. "Twyla, shusha kifyekeo! Shusha chini!"

Twyla alishika wenzo akausukuma. Kile chuma kilianguka kwenye nyasi kwa kishindo, na pua ya trekta ikarudi chini kama mtu aliyeghairi. Injini ikakohoa, ikazima.

Hobart alifika akihema, mweupe kama unga. "Lakini ishirini na tano... imeandikwa..."

"Hiyo ni ya injini," Lurleen alisema. "Kwenye shafti haifiki. Na huu uzito ni wa trekta kubwa, Hobart. Hapa kinatakiwa cha futi nne. Kinafunika upana wote wa matairi, kinatosha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hobart aliitazama ile namba ubavuni mwa trekta, na kwa kitambo kidogo Lurleen aliuonja ushindi. Kisha Twyla, ambaye bado alikuwa ameng'ang'ania usukani, alisema taratibu:

"Mimi nilikuuliza."

Hakuna aliyecheka. Hata Shangazi Icie alijikuta ana kazi na kamba ya kofia yake.

Lurleen alitaka ardhi immeze. "Ndiyo," alisema hatimaye. "Uliniuliza. Nilikuwa nakuonea wivu, Twyla. Bado nakuonea. Ngoja nakuja."

Akaenda nyumbani kwa miguu. Nyuma ya banda, chini ya magugu, kilikuwapo kifyekeo cha baba yake cha futi nne, ambacho Hobart alikiita sinia kwa udogo wake. Alikipaka grisi, akayanoa makali ya visu, akakitundika kwenye trekta yao na kukileta. Jua lilikuwa limeshainama alipokifunga kwenye trekta ya Twyla, pini kwa pini.

"Panda wewe kwanza," Twyla alisema. "Nione. Za Denver nitamalizia mwenyewe."

Lurleen alipanda kilima kwa trekta ya Denver. Nyasi zililala nyuma yake sawasawa. Mtu akipanda kilima anatakiwa kutazama mbele, baba yake alimwonya mara nyingi. Yeye aligeuza shingo.

Twyla alikuwa peke yake, amepiga magoti kwenye jiwe jipya. Hobart alikuwa amesimama mbali naye, kwenye uzio, na glasi mbili za chai ya barafu. Moja alikuwa ameinywa nusu. Nyingine ameifunika kwa kofia yake, nzi wasiingie, na macho yake yalikuwa kwenye trekta.

Kama hiyo ni ya Twyla, Lurleen aliwaza, nitaimwaga yote kichwani pa Hobart.

Akageuka mbele, akamaliza mstari.