Salamu za Bukene

Ofisi yetu ya asali iko Tabora mjini, kando ya njia waliyopita wapagazi wa zamani. Msimu wa kurina, harufu ya nta hulewesha. Nyuki huingia dirishani wakatembea juu ya kioo cha kompyuta, nami hufanya kazi nusu macho, nusu usingizini. Kila asubuhi, kabla ya lolote, niliandika kwenye chati ya kazini: "Shikamoo mama." Nilimwandikia Mama Paskazia, anayepokea asali ya warinaji kule Bukene. Hatujawahi kuonana, lakini kwa miaka miwili marahaba yake ndiyo iliyonifungulia siku.

Mwezi wa sita marahaba ikakatika.

Siku hizo nilikuwa nimeacha kufungulia chati kwenye kivinjari. Kompyuta yangu kongwe, kivinjari kiliichosha, basi Fikiri, fundi wetu, akaniwekea programu nyepesi iliyotengenezwa na watu baki, si wenye chati wenyewe. Ilifunguka kufumba na kufumbua. Nikaipenda.

Nilisalimia siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kimya. Taarifa zake za ndoo za asali zilifika kama kawaida, marahaba hapana. Mie ni mtu wa kununa, sikatai. Mtu mzima hamnyimi mtoto marahaba ila amemtoa moyoni. Nikawaza nimekosa nini, nikachoka kuwaza, nikaacha kusalimia.

Ndipo meneja wetu, Bwana Nurdini, akasema watu watapunguzwa, akamtaka kila mmoja aandike juu ya mwenzake anayefanya naye kazi. Nikaandika: "Mama Paskazia ana kiburi. Hana ushirikiano." Nikatuma, nikasikia raha, Mungu anisamehe.

Kesho yake programu ile ikagoma kufunguka. Nikarudi kwenye kivinjari, nikasubiri huku nyuki mmoja akizunguka mezani taratibu. Kilipofunguka, chini ya kila shikamoo yangu palikuwa na jibu. Programu ya Fikiri haikuonyesha majibu yaliyowekwa chini ya ujumbe, basi.

"Marahaba mwanangu."

"Marahaba. Huko baridi imeanza?"

"Marahaba. Mbona hunijibu?"

Chini ya salamu yangu ya mwisho majibu yalikuwa manane, moja kila siku. "Leo hujanisalimia, naitikia hii hii ya juzi. Marahaba."

Nilikimbilia kwa Bwana Nurdini. "Futa nilichoandika! Nimemsingizia mama wa watu."

Alinitazama, akakifuta. Kisha akanigeuzia kioo nisome alichoandika Mama Paskazia juu yangu: "Asmahani ana adabu sana. Siku hizi amenyamaza, nadhani anaumwa. Mkipunguza watu, yeye msimguse."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona. Nikampigia simu palepale, nikiwa nimeandaa maneno yote ya kumwomba radhi.

"Asmahani?" akawahi yeye. "Umepona, mwanangu?"

Nikalia tu.