Kadi ya Juu

Mwaka wa 2006, orodha ya kazi katika ofisi yetu ya programu za kompyuta, hapa Machakos mjini, ilikuwa ndefu hivi kwamba mjusi aliyeanza kuipanda akiwa kijana alifika juu akiwa na wajukuu. Niliwaona kwa macho yangu. Zilikuwa kadi zilizobandikwa ukutani, moja chini ya nyingine. Ya juu ndiyo inayofanywa kwanza, na hakuna wa kuihamisha wala kuibandua isipokuwa Ndunge, msimamizi wa orodha.

Mwezi ule ya juu ilisema: "Uzani wa mbuzi." Ilikuwa programu ya kupima mbuzi, kazi ya Shire, mfanyabiashara wa mifugo, mteja pekee tuliyebaki naye. Asipoiona ikifanya kazi mwisho wa mwezi, angeenda kwa wengine, nasi tufunge mlango.

Mama yake Ndunge akafariki. Muindi, fundi wetu, akaandika kadi, "Mazishi ya mama", akaibandika juu kabisa. Tukachanga, tukaenda kwao Kivaa, tukazika, tukarudi. Ndunge akabaki kwao. Sisi tukakaa.

"Muindi, si uanze mbuzi?" nikamuuliza.

"Mzee, kadi ya juu iko hapo bado. Nani atasema imekwisha? Wewe?"

Nikarudi kwenye kiti changu. Tulikaa hadi buibui akamfunga Muindi kwenye kiti chake.

Mwisho wa mwezi Ndunge akaingia, vumbi la Kivaa viatuni. Shire nyuma yake.

"Pole sana, mama," Shire akasema, kisha akatugeukia. "Mbuzi yangu iko wapi?"

"Kwa foleni," Muindi akajibu.

"Foleni! Nyuma ya nani?"

Akasoma ukuta mwenyewe, akavua kofia.

Ndunge aliitazama ile kadi kama mtu anayesoma risiti ya jirani. Hakulia. Usoni hamkuwa na kitu.

"Imekwisha?" Muindi akauliza.

"Bado."

Akaibandua, akachuchumaa, akaibandika chini kabisa, chini ya "Rangi ya skrini".

"Hii itangoja. Anza mbuzi."

Shire akavuta kiti. "Mimi sitoki hapa mpaka mmoja apimwe."

Jioni mbuzi wa kwanza akatokea kwenye skrini: kilo mia nne.

"Aiya! Huyo ni ng'ombe," Shire akasema. Muindi akarekebisha. Shire hakwenda kwa wengine.

Kila Jumatatu Ndunge alipanga kadi upya. Ile ya chini hakuigusa. Mjusi naye alianzia hapo.