Mguu wa Tatu wa Kigoda

Kila asubuhi, kabla mama yake hajawasha moto, Restituta alichagua kuni moja. Gidahosh, muuza kuni, alileta mzigo kwa punda kila Jumatatu, kuni za bei ya chini, na ndani yake hakikukosekana kipande cha mti wa mgrivea kilichonyooka. Tangu amalize chuo cha ufundi hakuwa na mbao nyingine za kujifunzia.

"Wenzako wanazipikia," Gidahosh humtania, "wewe unazichumbia!"

Alhamisi hiyo alipapasa uchanja juu ya jiko, alikoiweka miguu mitatu ya kigoda ikauke kwa moshi. Akapata miwili. Akainama. Moto ulikuwa umeshawashwa, na katikati ya mafiga mguu wa tatu uliungua taratibu, alama yake ya penseli ya bluu bado ikionekana. Mama yake, Helena, alikuwa anakoroga uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hiyo haikuwa kuni, mama."

"Si imetoka kwenye mzigo wa kuni?"

Restituta alingoja uchungu uje, haukuja. Tangu wamzike baba mwezi wa nne, mambo yalimfikia kama sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Jumamosi alitakiwa Endasak na kigoda kilichokamilika. Fundi Yoakimu, seremala wa huko, alisema hampokei mtu karakanani kabla hajaona kazi ya mkono wake. Na huko angehamia, kwa sababu kutoka kwao Nambis hakuna kwenda na kurudi kila siku.

Akachukua panga akatoka. Kipande kilichobaki kwenye lundo kilikuwa kibichi. Alijua kitasinyaa, ulimi wa mguu ulegee ndani ya tundu la kiti, kigoda kiyumbe mbele ya fundi. Akakichonga hivyo hivyo. Maganda yalianguka miguuni pake, hata hakuyatazama.

Mama akaja na kikombe cha uji, akakiweka juu ya gogo. Hakuondoka. Alimwangalia mwanawe akichora alama ya bluu kwenye mguu mpya.

"Nitaunywa," Restituta akasema, maana mama sasa alikuwa anaangalia uji.

"Resti."

"Abee."

"Hiyo bluu niliiona. Tangu jana niliiona." Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Sikukosea. Niliuweka motoni makusudi. Nilitaka usiende."