Maji Yalikokwenda

Emlyn Prosser alianguka jikoni Alhamisi asubuhi, mkate ukiwa bado mdomoni. Kufikia Jumamosi nyumba yake katika mji wa Tredegar ilikuwa na baridi ya kuuma hadi kwenye mifupa.

Mkewe, Nerys, hakuligundua hilo mapema. Siku mbili hizo alizimaliza hospitalini kwenye kiti cha plastiki, akiutazama uso wa mumewe ulioteremka upande mmoja. Nyumbani alikuwa akija kulala tu, na koti lake mwilini. Jumamosi ndipo alipoweka kiganja juu ya redieta ya sebuleni, chuma cha ukutani cha kupasha chumba joto, na kuikuta imepoa kama jiwe la mtoni. Akapita chumba hadi chumba akizigusa zote. Zote hivyohivyo. Nje theluji ilikuwa imefunika vilima na magari ya mtaa mzima.

Boila, mtambo wa kuchemsha maji ya redieta hizo, lilikuwa ndani ya kabati la jikoni, na kabati hilo lilikuwa la Emlyn. Miaka yote ya ndoa yao, Nerys akilisogelea tu, alikuwa anapigiwa kelele: "Weka mbali mikono yako, mwanamke, utatulipua sote!" Alikuwa anasema kwa utani, lakini alisimama mlangoni mpaka mke aondoke.

Akampigia simu Gethin, fundi bomba, mtoto wa Beryl, rafiki yake wa kwaya. Gethin alifika kabla ya adhuhuri, ndevu zake nyekundu zimejaa theluji.

"Pole na mzee, mama. Anaendeleaje?"

"Yuko hai. Ingia, usiniletee baridi zaidi, hii niliyonayo inanitosha."

Gethin akapiga magoti mbele ya kabati, akamulika tochi. "Halina maji. Ona mshale huu, umelala chini kabisa. Presha ikishuka hivi linakataa kuwaka, lisije likajiunguza." Akamwonyesha mpira mfupi uliosukiwa waya, uliokuwa chini ya boila, na koki mbili kwenye ncha zake. "Fungua hii. Fungua na hii. Haya, sikiliza."

Maji yakavuma ndani ya mabomba. Mshale ukapanda taratibu, ukaipita namba moja.

"Funga sasa, zote mbili. Ukizidisha litaanza kuyatema nje."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Miaka yote hiyo mwanaume yule kaniaminisha humo ndani mna bomu!"

Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Nerys kucheka tangu Alhamisi, na kicheko kikamwishia vibaya, akalazimika kugeukia sinki na kujifanya anajaza birika.

Aliporudi kutoka hospitalini jioni ile, mshale ulikuwa umelala tena. Akafungua koki, akasikiliza, akafunga. Jumapili asubuhi ukawa chini. Akalijaza boila. Mchana, chini. Alipokuwa ameinama kwa mara ya nne ndipo mwanga wa tochi ukaangukia upande wa ndani wa mlango wa kabati, akaona alama za penseli.

Ulikuwa mwandiko wa Emlyn, zile herufi zake za kiwandani, nene na zilizonyooka. Jina la mwezi, kisha vistari. Machi ya miaka mitatu nyuma ilikuwa na vistari viwili. Mwaka uliofuata vilikuwa vinne, vitano kwa mwezi. Kiangazi kilichopita vilikuwa vya kila siku. Desemba vilijaa mpaka vikapandiana, vingine vimeandikwa pembeni kwa kukosa nafasi.

Kwa hiyo alikuwa anajua. Kila asubuhi, Nerys akiwa bado kitandani anasikia mlango wa kabati ukilia na kujiambia kwamba mume wake anatafuta sukari, Emlyn alikuwa hapa, magotini, anayaongeza maji.

Jumatatu Gethin alirudi. Akaziba mabomba yanayotoka kwenye boila, akanywa chai yake taratibu, akautazama mshale. Haukusogea.

"Boila ni zima. Maji yanavujia huko ndani ya nyumba." Akaanza kutembea, akiinama sakafuni, akigonga mbao, akinusa. Kwenye korido akasimama mbele ya mlango uliofungwa. "Humu kuna nini?"

"Chumba cha Aled."

Gethin akavua kofia. Alimjua Aled, mtoto wa Nerys na Emlyn; walisoma pamoja. Aled alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akiwa na miaka ishirini na sita, miguu ikafa, akaishi miaka minane ndani ya chumba kile. Kifua kikamchukua, sasa ni miaka sita. Tangu mazishi Nerys hakuweza kuingia. Alijaribu mara mbili akaishia kushika kitasa. Emlyn ndiye aliyekuwa akiingia kila Jumapili kufungua dirisha, na akitoka alikuwa anafunga kwa ufunguo na kusema maneno yaleyale: "Kiko kama alivyokiacha." Maneno yale yalimtosha Nerys kwa wiki nzima.

"Kuna redieta humu?"

"Emlyn aliiweka mwenyewe. Miguu ya Aled ilikuwa haipati joto."

Gethin akakanyaga pembeni ya kizingiti. Ubao ukabonyea. "Mama, nahitaji kuingia."

"Ufunguo anao yeye."

Hospitalini alimkuta Emlyn ameegemezwa mito, nesi akimlisha uji kwa kijiko. Kiharusi kilikuwa kimeondoka na maneno yake yote, kikamwachia moja tu.

"Chai, Emlyn?" nesi akauliza.

"Hapana," akasema Emlyn, na kupokea kikombe kwa mkono wake mzima.

"Ndivyo alivyo," nesi akamwambia Nerys. "Anataka kusema ndiyo, linatoka hilohilo. Usimchukulie vibaya." Akaokota bakuli na kwenda zake.

Nerys akavuta droo ya kijikabati cha kitandani. Saa yake, miwani, funguo.

"Emlyn. Boila linapoteza maji. Nimeona vistari vyako."

Emlyn akamtazama.

"Gethin anasema maji yanakwenda chumbani kwa Aled. Nataka nimfungulie. Sawa?"

"Hapana."

"Hapana kweli, au hapana ya chai?"

"Hapana. Hapana." Jicho lake zima lilikuwa limejaa maji, na mkono wake ukaja juu ya mkono wa Nerys ulioshika funguo. Lakini hakuubana. Ulikaa tu pale, mzito, na Nerys hakuweza kujua kama ulikuwa unamzuia au unamwomba. Kisha akauondoa mkono ule kidole kimoja kimoja, akaulaza juu ya shuka, akaondoka.

Mlango wa chumba cha Aled haukufunguka kwa ufunguo peke yake, maana mbao zilikuwa zimevimba. Gethin akausukuma kwa bega. Harufu ikatoka kabla ya kitu kingine chochote, harufu ya majani yaliyooza. Gethin akageuka haraka. "Mama, usiingie kwanza."

Nerys alikuwa ameshaingia.

Kuvu jeusi lilikuwa limepanda ukuta kuanzia sakafuni hadi kwenye dari. Godoro la Aled lilikuwa limeota manyoya ya kijivu. Sweta alizomfumia, alizozikunja mwenyewe kabla ya mazishi, zilikuwa zimeshikana kuwa bonge moja, na alipoinua moja ikamegeka mkononi mwake. Picha zilizobandikwa juu ya kitanda zilikuwa karatasi tupu zenye madoa. Hakuna uso hata mmoja uliosalia. Mbele ya dirisha palikuwa na kiti cha jikoni, kile Nerys alichodhani kimevunjika na kutupwa. Kumbe kila Jumapili Emlyn alikuwa anakaa hapo. Alikaa katikati ya haya yote, kisha akatoka na kumwambia: kiko kama alivyokiacha.

Gethin alifumua mbao mbili chini ya redieta. Zilikatika mkononi kama keki. Kwenye kona ya bomba, mahali Emlyn alipounga kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa na kutu ya kijani, na tone likidondoka, likijikusanya, likidondoka.

"Inachukua muda gani kutengeneza?" Nerys akauliza.

Gethin akaendelea kulichokonoa bomba.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Nakata hapa, naziba huku na huku. Chumba hiki kitakosa redieta, nyumba iliyobaki itapata joto." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nusu saa, mama. Hata hapo awali ingekuwa nusu saa."

Akaziba. Siku ile mshale haukushuka, wala kesho yake. Nyumba ikapata joto, na joto likaisambaza ile harufu mpaka ghorofani.

Vitu vya chumbani vilitolewa kwenye mifuko kumi na saba. Nerys aliipekua yote akitafuta cha kubakiza, akapata kijiko cha Aled cha mpini mnene, cha chuma, basi.

Emlyn alirudishwa mwanzoni mwa Machi, baada ya mhudumu wa halmashauri kuja na kuandika kwamba nyumba ina joto la kutosha. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni. Nerys alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kila baada ya saa chache, na kwa siku nne hakumwambia neno lisilohusu chakula au choo. Siku ya tano, akimkata kucha, akasema:

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuwa na sweta zake."

Emlyn akafungua mdomo. Midomo ikahangaika kutafuta kitu, na Nerys akaacha mkasi na kuinama karibu, maana kwa kweli alitaka kujua. Ilikuwa aibu ya kiungo chake kibovu cha bomba? Au alikuwa anamkinga yeye? Au hakutaka mtu mwingine aingie mahali alipokuwa na mwanawe peke yake? Alingoja mpaka mgongo ukamuuma. Halikutoka neno lolote, hata lile moja.

Emlyn alikufa wiki mbili kabla ya Pasaka, kwa kifua, mchana, Nerys akiwa ameenda dukani kununua maziwa. Baada ya mazishi Beryl alimshauri auze nyumba akakae karibu na watu. Nerys akasema atafikiria. Mbao mpya alizileta Gethin, akazipigilia chumbani, zikawa nyeupe katikati ya zile za zamani.